Blanketi Lililopanda Matamba kwa Pikipiki

Severina alikuwa na mdomo. Mtaa mzima wa Mlandege, pale Iringa, ulijua hivyo, na yeye mwenyewe hakukana. Alikaa barazani na cherehani yake akishona sare za shule, na kila aliyepita alipata chake. Mwenye suruali ya kubana aliambiwa. Karani aliyelalamika kwamba pindo la kaptura ya mwanawe ni pana mno aliambiwa anayekua ni mtoto, si karani. Lakini mwanamke huyo huyo alikuwa na jambo moja rohoni ambalo mdomo ulishindwa kulimaliza, nalo ni macho ya mama yake.

Mama yake, Bibi Evarista, aliishi Matamba, juu milimani, huko ambako ukianika nguo asubuhi unaianua jioni na maji yake yale yale. Jicho la kushoto lilishafunga utando mweupe. La kulia lilibakiza vivuli. Watu waliotoka huko walisimulia kwamba bibi siku hizi anatia chumvi kwenye chai na kusifu sukari ya mwaka huu. Na Iringa hospitalini alikuwapo daktari wa macho, mgeni wa muda tu, anayeuondoa utando mtu akaona. Severina alimjua mzee wa jirani aliyeingia mle ameshikwa mkono, akatoka anamgombeza aliyemshika kwa kuvaa shati chafu. Daktari huyo angeondoka mvua zikianza, na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya. Kwa hiyo mama ashuke upesi, alale Mlandege, apelekwe. Basi.

Mama akakataa. Daktari hakumkataa. Alikataa nyumba.

"Nilale chini ya paa la mkwe ambaye hajaniletea blanketi?" Ndivyo alivyomtuma dereva wa lori la viazi aje kusema. "Nikikutana naye anatoka kuoga nijifiche wapi, kwenye chungu?"

Mambo yalikuwa hivi. Katika ukoo wa akina Severina, mwanamume akioa hamtazami mama mkwe, wala mama mkwe hamtazami yeye. Wakikutana njiani kila mmoja anageukia upande wake. Hawasalimiani, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana wanamtafuta mtu wa katikati alipeleke. Mwiko huo unaondoka siku mkwe anapopeleka blanketi jipya, akamfunika nalo mama mkwe mbele ya mjomba, kisha akalifunua kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo wakitaka wale sahani moja. Lakini akimwona usoni kabla ya siku hiyo, hata kwa bahati mbaya, anarudishwa nyuma: alete mbuzi, angoje mavuno yapite, ndipo aanze tena. Na mjomba Yotamu, kaka yake mama, alikuwa mtu anayependa sana kuona watu wanaanza tena.

Mume wa Severina, Liberatus Kalinga, alikuwa seremala, Mhehe mpole, mtu wa maelezo. Mwaka wa kwanza wa ndoa hakupeleka blanketi kwa sababu ya mvua. Wa pili ilikuwa kwa sababu ya ukame. Halafu akazaliwa Jailos, halafu likaja benchi la kanisa, halafu lingine. Watoto walifika watatu, na bado mama mkwe hakuijua sura ya Liberatus; angekutana naye sokoni angembania bei ya viazi kama mtu baki.

"Baba Jailos," Severina alimwambia akiwa bado na tonge mkononi, "Jumamosi tunakwenda Matamba na blanketi."

"Usafiri wa kule ni lori la viazi, na lori, unajua, linategemea viazi."

"Una pikipiki."

Hapo alimkamata. Pikipiki hiyo aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya, shukrani ya yale mabenchi. Kila Jumapili Liberatus aliiosha, akaifuta, akaiendesha hadi sokoni na kurudi, huku akiwaambia watu kwamba siku moja ataipeleka safari ya kweli, safari ya milima. Alilisema hilo miaka mingi. Hakudhani kuna mtu anamsikiliza.

Watoto waliachwa kwa jirani, Mama Roza. Blanketi, la kahawia lenye mistari myekundu, lilifungwa kwenye turubai juu ya keria, na mfuko wa sukari ukaning'inizwa pembeni. Severina akakaa nyuma, koti la mumewe juu ya gauni, kitambaa kichwani, akamshika kiuno.

Lami ya kwenda Zambia ilikuwa bado mpya siku hizo, nyeusi, imenyooka, na mtu asingedanganya akisema walifurahi. Mafinga walikunywa chai. Makambako upepo ulitaka kuwapeleka Njombe bila wao kuomba. Liberatus alipiga honi kwa kila aliyesimama pembeni, hata mbuzi, na Severina akamwambia mgongoni, "Kumbe wewe mtu wa raha hivi, mbona ulinificha?" Baada ya Igawa, penye ng'ombe wengi, mchungaji mmoja wa Kisukuma aliwatazama wakipita polepole, akauliza, "Mama, yeye kakubeba wewe au wewe unamsukuma?" Severina akamjibu wakiwa wameshapita, na mdomo wake ulifika.

Walilala Chimala. Asubuhi wakaanza kupanda.

Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba ni ya udongo, na inapanda mlima kwa kwenda kushoto, kurudi kulia, kwenda kushoto, kurudi kulia, kama mshono wa fundi aliyelewa. Ukiwa juu unaiona barabara uliyotoka iko chini ya miguu yako, na nyingine chini ya hiyo. Anayetembea kwa miguu hajisumbui na mambo hayo. Yeye ana njia yake ya mkato, inakwenda juu moja kwa moja kama ngazi, na inaikata barabara karibu na kila kona. Mwenye gurudumu anazunguka, mwenye miguu anapanda, na kama gurudumu lenyewe ni la pikipiki kuukuu iliyobeba seremala, mshonaji, blanketi na sukari, wote wawili wanafika konani kwa wakati mmoja.

Hilo hawakulijua. Walilijua kwenye kona ya tatu.

Severina ndiye aliyemwona kwanza. Mwanamke mzee, fimbo mkononi, furushi kichwani, anatoka kwenye majani ya njia ya mkato aingie barabarani. Ule mwendo aliujua tangu alipokuwa anabebwa mgongoni.

"Mama huyo," akasema, na kumfinya mumewe mbavuni.

Liberatus akageuza uso kwa haraka, kama alivyotakiwa na ukoo. Bahati yao aliugeuzia upande wa mlima. Mikono ikafuata uso, pikipiki ikafuata mikono, na wote wakaingia mtaroni taratibu, wakaegemea udongo. Injini ikazimika.

Bibi Evarista naye alisikia mngurumo, na jana dereva wa viazi alikuwa amemwambia nani anakuja. Akajifunika khanga usoni, akaugeukia ukingo wa upande wake, akasimama kama mtoto aliyepewa adhabu darasani. Mkwe anatazama udongo huku, mama mkwe anatazama majani kule, Severina katikati ya barabara na kitambaa kimemwendea sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kitu kimeanguka. Ni watu?"

"Ni sisi. Ulikuwa wapi na macho hayo?"

"Chimala, kutafuta mchele wa Ubaruku. Mkwe anakuja, nimpe viazi? Macho hayatembei, mwanangu, inatembea miguu, na miguu inaijua njia." Akayaambia majani, "Mwambie mwenye chuma chake apite, nimechoka kunusa maua."

"Mwambie," Liberatus akauambia udongo, "chuma hakijawaka."

Ilibidi Severina asukume. Mumewe akaendesha uso umepinda shingoni kama kuku, mpaka wakapita.

Hawakwenda mbali. Liberatus akasimamisha pikipiki.

"Mama Jailos, nimeona kitu kwenye kioo."

"Umeona nini?"

"Mgongo."

"Mgongo si uso."

"Na kama angegeuka? Mjomba Yotamu akiniuliza, niseme nimemwona kwa kinyumenyume?" Akatoa spana, akafungua kioo, akakitia mfukoni.

Kona iliyofuata, bibi alikuwa ameshafika. Kona ya mbele yake, vilevile. Kila mara ngoma ilikuwa ile ile: mfinyo wa mbavu, shingo, mtaro au karibu na mtaro, khanga usoni, Severina kusukuma. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na mtaro. Palikuwa na hewa tu, na chini ya hewa palikuwa na Usangu yote imetandazwa hadi macho yanapochoka. Severina alianza kumfinya ubavu mmoja tu, ule wa upande wa mlima, ili akigeuka ageukie kwenye ardhi.

"Tungoje," hatimaye akasema. "Tumwache atangulie mpaka afike kwake. Sisi tutafuata."

Wakakaa kwenye jiwe. Wakala mihogo ya kuchemsha. Liberatus akaeleza jinsi klachi inavyofanya kazi. Jua likapanda, likachoka, likaanza kwenda upande wa pili, na klachi ilikuwa bado haijamaliza kuelezwa Severina alipoona kwamba atalala hapo. Akaingia njia ya mkato mwenyewe, ahakikishe kama mama ameshafika mbali.

Mama alikuwa kona ya juu yao tu, amekaa kwenye nyasi, furushi pembeni, anatafuna muwa.

"Mama, mbona umekaa?"

"Nawangoja mpite. Mtu hawezi kumzuia mkwe njiani siku nzima, ni utovu wa adabu."

"Sisi tunakungoja wewe."

Bibi akatema kapi la muwa. "Kumbe ana adabu," akasema. "Adabu nyingi hivi zitatulaza mlimani."

Wakakubaliana mama aende kwanza na wao waimbe nyimbo kadhaa za kanisa kabla ya kuwasha. Lingekuwa wazo zuri asubuhi. Lakini saa zile za jioni ukungu wa Matamba unashuka wenyewe, bila kupiga hodi, na ulipowakuta walikuwa kwenye wimbo wa pili. Mlima ukatoweka. Usangu ikatoweka. Kisha kutoka juu wakasikia mawe yakiporomoka, na sauti ya bibi ikitaja jina la mtakatifu asiyetajwa mara nyingi.

Severina alipanda mbio. Alimkuta mama yake amekaa kando ya barabara, mchele umemwagika, mkono umeshika kifundo cha mguu.

"Kile kivuli kidogo kilichobaki nacho ukungu umekichukua," mama akasema. "Mguu umekanyaga pasipokuwepo."

Kifundo kilikuwa kinavimba tayari. Severina alijaribu kumwinua, mama akasimama, akakaa tena. Akajaribu kumbeba mgongoni. Akapiga hatua chache na kumrudisha chini. Baridi ilikuwa imeanza kung'ata. Nyumba iko juu, Chimala iko chini kabisa, na lori la viazi halikuwa na safari siku hiyo.

Pikipiki ikaja ikinguruma polepole ndani ya ukungu. Ikasimama. Liberatus alikuwa ameshajigeuza kabla hajaambiwa.

"Baba Jailos, mama ameteguka. Hatembei."

Liberatus hakutoa maelezo. Hilo peke yake lilimtisha Severina. Aliutazama ukungu, halafu akasema, "Nikimbeba nitamwona. Nikimwona, mjomba atatuambia tungoje mavuno. Tukingoja mavuno, daktari hayupo." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Nisipombeba atakufa kwa baridi."

Mumewe kumbe alikuwa na hesabu ile ile ya Severina moyoni, imejificha chini ya maelezo yake. Severina alimtazama kisogo. Halafu akaliona turubai juu ya keria.

Akalifungua. Akalitoa blanketi, jipya, lenye harufu ya duka, akamfunika mama yake kuanzia utosini hadi miguuni, akalibana kwa pini zake za kushonea, akaacha tundu dogo la pumzi.

Vidole vya bibi vikalipapasa kwa ndani. "Ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Ni zito. Kumbe miaka yote alikuwa anachagua."

Swali likawa namna ya kukaa. Mkwe kushikwa kiuno na mama mkwe ni jambo ambalo mwiko haukuwahi hata kulifikiria, kwa hiyo haukulikataza, lakini wote watatu waliona aibu kulijaribu. Severina akaamua. Akampandisha mama kinyumenyume, mgongo kwa mgongo na Liberatus, mikono imeshika keria, akawafunga wote wawili kwa khanga kama furushi la vitu viwili.

"Mgongo hauna macho," akasema. "Nendeni."

"Mwambie ashike vizuri," Liberatus akasema.

"Mwambie nimeshika," likajibu blanketi.

Wakaondoka. Severina akaweka mchele uliobaki kichwani, akashika fimbo ya mama yake, akaingia njia ya mkato. Alipofika kona ya juu, nao ndio wanafika. Pikipiki ikasimama mbele yake.

"Mbona mmesimama?"

"Sijui kama amekaa sawa," Liberatus akasema. "Hakuna wa kumuuliza."

"Na mimi nilikuwa na neno," blanketi likasema, "nikangoja apatikane wa kumpelekea."

"Neno gani, mama?"

"Sukari yenu imeanguka kona ya chini."

Severina alishuka, akaifuata sukari, akapanda tena, na maneno aliyoyasema njiani aliyasema kwa ukungu, kwa sababu ukungu hausengenyi.

Hivyo ndivyo walivyofika Matamba. Mjomba Yotamu na wazee wawili walikuwa wamekaa uani kwa bibi, pembeni ya moto, na kibuyu cha pombe. Waliiona taa ikipapasa njia, kisha pikipiki, kisha mkwe amekaza macho mbele kama askari wa gwaride, na nyuma yake kitu kirefu cha kahawia chenye mistari myekundu kimetazama kule walikotoka.

Mjomba akasimama. "Kalinga, karibu. Umebeba nini?"

"Blanketi, mjomba."

"Ndani ya blanketi?"

"Sijatazama."

Severina akatokea gizani na mchele kichwani, sukari mkononi, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta midomo, na Severina akajua kinachokuja, maana alimjua mtu huyo tangu utoto.

"Blanketi," mjomba akasema, "linatolewa nyumbani, mbele yangu. Hili limetolewa barabarani, mbele ya nani? Mbele ya mawe. Mimi sioni kama limetolewa. Livuliwe, likunjwe, watu wapumzike, na baada ya mavuno tuanze tena."

"Livuliwe sasa?" Severina akauliza. "Na mkwe yuko hapo hapo?"

"Aa, hapana, likivuliwa atamwona."

"Basi lisivuliwe."

"Lisipovuliwa nitajuaje kwamba aliyemo ndani ni dada yangu?"

Mzee mmoja akakohoa ndani ya pombe yake.

"Yotamu." Sauti ilitoka ndani ya blanketi, na haikuwa kubwa. "Wewe ulipochukua ng'ombe wa mahari ya huyu mtoto, uliuliza wamepita barabara gani? Mimi nimelipokea blanketi. Limenifunika, limenipandisha mlima, mguu wangu unawaka moto na kitu kinanichoma shingoni nadhani ni pini. Uko hapo?"

"Nipo."

"Unatazama?"

"Natazama."

"Basi ni mbele yako. Mwambie mkwe anifunue."

Mjomba akatafuta la kusema usoni kwa wazee, na wazee wakatazama kibuyu. "Kalinga," akasema mwishowe, "umesikia."

Liberatus akajifungua khanga, akashuka.  Akazichomoa pini moja moja, akazitia mdomoni kama alivyozoea misumari, halafu akashika pindo la blanketi kwa mikono miwili akalifunua.

Bibi Evarista alinyoosha shingo. Akausogeza uso wake karibu sana na wa mkwewe, jicho lile la kulia likihangaika kwenye mwanga wa moto, kwanza juu, halafu chini, halafu juu tena. Watu walingoja.

"Kumbe mfupi," akasema. "Kwa mngurumo ule nilitegemea mtu mrefu."

"Shikamoo, mama," akasema Liberatus, na pini moja ikamponyoka mdomoni.

"Marahaba, baba. Ingia ndani ule, mchele umebaki kidogo."

Kifundo kilipotulia walishuka. Bibi alikataa lori la viazi. Alisema safari ya kwanza hakuona chochote na alikuwa ametazama nyuma, kwa hiyo anadai nyingine. Alikaa ametazama mbele inavyotakiwa, amemkumbatia mkwe kiuno bila wasiwasi wowote, blanketi mabegani, na Severina ndiye aliyepanda lori pamoja na magunia.

Daktari walimkuta bado yupo. Utando wa jicho la kulia ulitoka, na la kushoto likafuata kabla ya mvua.

Juma lile kitambaa cha macho kilipoondolewa, Bibi Evarista aliizunguka nyumba ya Mlandege chumba kwa chumba, mikono mgongoni. Aliona buibui juu ya kabati. Aliona kwamba mguu mmoja wa meza ya seremala ni mfupi kuliko mingine. Aliona Liberatus anavyorudi kazini na anavyokaa, anachokula na anachobakiza, na kila alichokiona alikisema, moja kwa moja, kwa sababu sasa hapakuhitajika mtu wa katikati. Hapo ndipo Mlandege ilipojua Severina aliutoa wapi mdomo wake.

Jioni moja Liberatus alikuja barazani, akakaa karibu na cherehani, akakohoa.

"Mama Jailos, nina swali dogo. Lile blanketi. Mtu akilirudisha, mwiko nao unarudi?"

Kabla Severina hajajibu, sauti ikatoka ndani.

"Baba, nimekusikia. Njoo kwanza ufupishe miguu mingine ya hii meza."

Liberatus akainuka kwenda kuchukua msumeno. Severina akainamisha kichwa, akaendelea kushona.